Taa ya Saba

Taa ya saba iligeuka rangi ya chungwa siku ya Jumanne, na mtu wa kwanza kuiona alikuwa mfagiaji.

Taa zenyewe zilikuwa nane, ndogo sana, kwenye kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani ndani ya stoo ya mafagio, ghorofa ya chini ya hospitali. Kisanduku hicho kiliitwa swichi. Nyaya za kompyuta zote za ghorofa ile ziliingia humo, na kila waya ulikuwa na taa yake. Kila asubuhi, ndoo yake ikijaa maji, msichana huyo mfagiaji alizihesabu. Alihesabu kila kitu: ngazi, vigae, mashuka. Shule aliiachia darasa la tano, na katika yote aliyofundishwa, hesabu ndiyo iliyokataa kumtoka. Siku zote taa zilikuwa nane za kijani. Jumanne hiyo zilikuwa saba za kijani na moja ya chungwa. Aliitazama mpaka ndoo ikafurika na maji yakamwingia viatuni.

Hakumwambia mtu. Pale hospitalini walimwita Kimya, jina alilopewa wiki ya kwanza tu, kwa sababu salamu yake ilitoka nusu, nusu nyingine ikabaki kooni. Kazi yenyewe alitafutiwa na mume wa dada yake, fundi wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo, aliyekwenda kumwombea kwa msimamizi wa usafi huku amekunja mikono kama mwanafunzi. Kimya aliishi kwao, akilala sebuleni kando ya cherehani ya dada yake. Alijua kwamba mtu aliyeombewa kazi hafungui mdomo ovyo.

Isitoshe, alikuwa amechoka. Jumatatu wafagiaji waliambiwa wakaguzi wanakuja, kwa hiyo kila kabati lisogezwe na nyuma yake pasuguliwe. Mgongo ulikuwa bado unamuuma.

*

"Picha zinafika nusu," fundi alisema jioni ile, kabla hata hajaketi.

"Picha gani?" mke wake aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Za eksirei. Mgonjwa anapigwa picha ya kifua, picha inatumwa kwa daktari ghorofa ya juu, daktari akifungua anaona mabega tu. Chini kijivu kitupu. Leo mama mmoja kapigwa picha mara tatu. Daktari kaniita mbele ya foleni yote: 'Injinia, huyu mgonjwa wako hana mapafu. Tumzike?' Watu wakacheka."

"Na wewe ukacheka?"

"Nifanyeje sasa?"

"Ungemwambia ayatafute yeye hayo mapafu, si ndiye aliyeyasomea!"

Fundi alicheka kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mke wake alikuwa mwepesi wa mdomo, na wiki hizo alikuwa na raha. Mkataba wa mumewe ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mkurugenzi alikuwa amesema, kwa mdomo tu, kwamba safari hii angempa ajira ya kudumu. Mke alishaanza kusema "tukishaajiriwa", kana kwamba wanaajiriwa wote wawili.

"Kwa nini zinafika nusu, shemeji?" Kimya aliuliza. Nyumbani sauti yake ilitoka, ingawa alizungumza akiangalia sahani.

Fundi alipenda kuulizwa. "Picha haisafiri nzima. Inakatwa vipandevipande, tunaviita pakiti. Kila pakiti inapoondoka, tarakimu zake zinajumlishwa na jumla inaandikwa juu yake. Inakofika, inajumlishwa upya. Jumla zikipishana, maana yake njiani kuna kitu kimeharibika. Inatupwa, inaombwa nyingine. Sasa zikitupwa nyingi mno, mpokeaji anachoka kusubiri, anafunga mlango. Ndiyo unaona mabega bila mapafu."

Kimya alifikiri kidogo. "Kama mashuka."

"Mashuka gani?"

"Ya kufuliwa. Tunayafunga furushi, naandika juu: ishirini. Dobi anahesabu tena. Akipata kumi na tisa, anarudisha furushi zima."

Fundi aliweka kijiko chini. "Mke wangu, umemsikia huyu? Nimemweleza mkurugenzi asubuhi nzima, hakuambulia kitu. Huyu kaelewa kwa mashuka!"

Kimya aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akataka kusema habari ya taa. Alikuwa ameshavuta pumzi.

"Mwache ale," dada yake alisema. "Na wewe kula. Kazi imebaki hukohuko kazini."

*

Jumatano fundi aliingiza kwenye kompyuta ya eksirei programu ya kukamata pakiti zinapotoka. Kabla ya hapo alikuwa amechomoa waya, akaangalia ncha zake mbili na kuziona nzima. Kifaa cha kupimia nyaya kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana. Aliomba kingine, karatasi ikarudi imeandikwa "subiri". Hata vifuniko vya kupitishia nyaya ukutani aliomba, navyo akaambiwa asubiri, ndiyo maana waya wa chumba kile aliulaza sakafuni, nyuma ya kabati.

Alifungua programu. Pakiti zilijipanga kwenye skrini mstari kwa mstari, na kila iliyokuwa inatoka ilikuwa na maandishi mekundu: jumla si sahihi. Jumla si sahihi. Jumla si sahihi. Si moja katika mia, zote. Fundi alihisi furaha iliyomtia aibu, kama mtu aliyemkamata mwizi ndani ya nyumba yake. Hakutafuta tena pengine.

"Kadi ya mtandao imekufa," alimwambia mkurugenzi. Kadi hiyo ndiyo mlango wa kompyuta, pale waya unapochomekwa.

"Una uhakika?"

"Nimeyaona makosa kwa macho yangu, mzee. Maelfu."

"Kuibadilisha ni lazima chumba kifungwe?"

"Siku moja tu."

Chumba kilifungwa Alhamisi. Wagonjwa ishirini na sita walirudishwa mlangoni. Mmoja alikuwa mzee aliyebebwa na wanawe wawili, mguu umefungwa katikati ya mbao za kreti. Wale vijana walisimama barabarani wakibishana wampeleke wapi, na mzee akawa anawaomba radhi kwa uzito wake. Kimya alikuwa anafuta vioo. Aliyaona yote hayo akiwa na kitambaa mkononi.

Saa nane mchana kadi mpya ilikuwa ndani. Fundi aliwasha kompyuta, akafungua programu yake, mkurugenzi akiwa amesimama nyuma ya kiti. Jumla si sahihi. Jumla si sahihi. Picha ya majaribio ilifika kwa daktari mabega matupu.

"Basi ni swichi," fundi alisema. Shingo ilikuwa imelowa jasho.

Wakashuka stooni: fundi, mkurugenzi na msimamizi wa usafi aliyekuja kwa umbea tu. Wakasimama chini ya kisanduku. Kimya alikuwa hapo, ndoo yake chini ya bomba. Aliwapisha, akajibanza kwenye mafagio. Aliitazama taa, akamtazama fundi, na maneno yakamtoka kabla hajayakamata.

"Shemeji. Ile taa ya saba ilikuwa ya kijani."

Wote wakageuka.

"Ala!" msimamizi alisema. "Kimya ana sauti!"

Mkurugenzi hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Injinia, naona una msaidizi. Yeye kasomea chuo gani?"

Siku nyingine yoyote fundi angeelewa papo hapo. Alijua kwamba rangi ya chungwa ni waya uliopunguza kasi, na waya unaopunguza kasi wenyewe ni waya unaoumwa. Lakini macho ya mkurugenzi yalikuwa shingoni mwake, na alichosikia ni kicheko cha msimamizi tu.

"Rangi ni rangi," alisema. "Haya si mambo ya ndoo. Wewe nenda ukafagie."

Sauti ile hakuwahi kuitumia nyumbani. Kimya alibeba ndoo haijafika hata nusu.

"Kesho saa nne asubuhi anakuja mtaalamu kutoka nje," mkurugenzi alisema. "Akikuta umeshatengeneza, tutazungumza habari za ajira yako. Akikuta hivi hivi, tutazungumza habari nyingine."

Jioni fundi hakula. Aliketi na mkoba wake wa vifaa mapajani kama abiria.

"Usinisemeshe mbele za watu kule kazini," alimwambia Kimya. "Unanishusha."

"Kwani nani alimuuliza?" dada alisema. "We mtoto, nani alikuuliza?"

"Samahani, shemeji."

Fundi alitaka kusema kwamba ni yeye ndiye aliyepaswa kuomba samahani. Neno alikuwa nalo. Aliona liko zito kidogo, akaliacha hadi siku ambayo mambo yangekuwa yamepoa.

*

Ijumaa, saa moja asubuhi, Kimya alikuwa peke yake katika chumba cha eksirei. Nyuzi za fagio la maji zilinasa nyuma ya kabati la chuma, lile la filamu za zamani. Aliinama kuzinasua. Waya wa kijivu ulitoka ukutani, ukaja sakafuni, ukaingia chini ya mguu wa kabati na kutokea upande wa pili. Mguu ulikuwa umeukalia. Pale ulipokaliwa, waya ulikuwa bapa kama mrija uliotafunwa na mtoto.

Alipiga magoti. Jumatatu ilimrudia yote: mgongo wake kwenye chuma, visigino ukutani, kabati likilia sakafuni, halafu likatua. Alikuwa amejisifu moyoni kwamba amelisogeza bila msaada wa mtu. Hakuna mwingine aliyeligusa tangu hapo.

Akaliinua kwa bega, akauvuta waya kwa vidole vya mguu. Akakimbia stooni. Taa ya saba ilikuwa chungwa vilevile. Ndani ya waya, baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeshakatika.

Aliporudi chumbani alisikia mlango nyuma yake. Fundi aliingia na mkoba, macho mekundu. Alikuwa amebakiwa na saa tatu. Waya mpya alikuwa nao ofisini kwake, robota zima. Kuuvuta kungemchukua nusu saa, na mtaalamu angekuta kazi imekwisha.

"Umemaliza?" aliuliza, bila kumtazama. "Nakihitaji chumba."

Kimya alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga: kabati, mguu, waya, mimi. Matatu ya kwanza yangemwokoa fundi. La nne lingemfukuzisha yeye, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka nyumbani akihofu kwamba huenda jioni nyumba nzima ikabaki na mshahara mmoja tu, wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini nyuma ya maneno hayo manne yalisimama mengine, na hayo hayakuwa yake. Nenda ukafagie.

Aliusukuma waya kwa kidole cha mguu mpaka ukagusa ukuta, mahali usipoonekana.

"Nimemaliza," alisema, akatoka na ndoo.

*

Mtaalamu alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, na hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akatazama mistari myekundu kwa muda mfupi, akageuka.

"Pakiti hizi umezikamata hapahapa? Kwenye kompyuta inayotuma?"

"Hapahapa."

"Aa, mzee wangu." Akatabasamu. "Kompyuta za siku hizi hazijumlishi zenyewe. Kazi hiyo zimeiachia kadi, na kadi inaandika jumla pakiti inapotoka mlangoni. Programu yako inazikamata sebuleni, kabla jumla haijaandikwa. Lazima iseme si sahihi. Tazama na yangu."

Alifungua kompyuta yake mwenyewe, nzima, mpya. Mistari ikajaa maandishi yaleyale mekundu.

"Ni kama umeshika barua kabla haijagongwa muhuri, halafu unapiga kelele kwamba haina muhuri."

Mkurugenzi hakuwa ameelewa pakiti, lakini barua na muhuri alivielewa. "Kwa hiyo ile kadi ya kwanza ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Na ile siku tuliyofunga chumba?"

Mtaalamu alijishughulisha na mkoba wake. Fundi alijaribu kucheka pamoja na wauguzi waliokuwa wamecheka mlangoni, lakini wao walikuwa wameshamaliza.

Stooni mtaalamu aliunganisha kompyuta yake na swichi, akasoma hesabu ambayo swichi huweka yenyewe: pakiti ngapi zimefika zimeharibika, waya kwa waya. Nyaya zote sifuri. Wa saba, maelfu kwa maelfu. Akainua macho kwenye taa.

"Hii imekuwa chungwa tangu lini?"

Kimya alikuwa amechuchumaa hatua tatu kutoka hapo, anasugua sakafu ya ukumbini. Fundi aligeuza kichwa, akamtazama, kisha akautazama ukuta. Kimya aliliona jicho lile, na aliendelea kusugua kigae kilekile.

"Ni waya tu," mtaalamu alisema. "Huu wa zamani achaneni nao."

Alivuta mpya juu ya dari kwa dakika ishirini na tano. Wa zamani aliukata ncha zote mbili akauacha ulale. Hakuna aliyeuliza ulikuwa umepatwa na nini. Taa ya saba ikawa kijani, na ghorofa ya juu daktari akaona mbavu zote mpaka ya mwisho.

Kabla ya chakula cha mchana mkurugenzi alimwita fundi ofisini. "Sikufukuzi," alimwambia. "Tuseme tu mkataba wako umeisha wiki mbili mapema."

*

Mwezi wa kwanza fundi alitoka kila asubuhi amevaa vizuri, mkoba begani, kutafuta kazi. Mwezi wa pili alitoka siku moja moja. Mji haukuwa mkubwa kwa watu wa kompyuta. Katika ofisi ya tatu, kijana wa mapokezi alimtazama usoni akasema, "Ngoja. Wewe si ndiye yule wa barua isiyo na muhuri?" Akaita wenzake waje wamwone.

Nyumbani wakawa wanakula kwa mshahara wa Kimya na kwa nguo chache ambazo dada aliwashonea wateja. Dada alianza kumpakulia Kimya kwanza. Mara nyingine kwa upendo, mara nyingine akisema, "Haya, baba mwenye nyumba, karibu mezani," kwa sauti ya kutosha kusikika chumbani. Neno "tukishaajiriwa" lilikufa, hakuna aliyelizika.

Lililomuumiza Kimya zaidi lilikuwa kiti. Sebuleni kilikuwepo kiti kimoja chenye mito, cha fundi. Siku moja alirudi kazini, fundi akainuka. "Kaa, shemeji. Umesimama kutwa." Alikaa kwa sababu kukataa kungekuwa kumtukana. Tangu siku hiyo kila aliporudi, fundi aliinuka.

Jumapili moja mchana dada alikuwa amekwenda kupeleka nguo ya mteja. Fundi alikuwa mezani na kipande cha karatasi ya kukatia nguo, anachora. Kimya alikuwa anakunja mashuka, na kwa mazoea anayahesabu.

"Njoo uone," fundi alisema.

Alikuwa amekichora chumba cha eksirei: kompyuta, mlango, ukuta, mstari wa waya mpaka kwenye kisanduku chenye taa nane. Taa ya saba alikuwa ameizungushia duara, si mara moja.

"Kadi haikuwa na kosa. Swichi haikuwa na kosa. Ilikuwa waya, sawa, nimekubali. Lakini waya ule niliuvuta mimi, haukuwa umemaliza hata mwaka. Waya uliolala sakafuni haufi wenyewe, shemeji. Nikilala nauwaza. Nadhani labda niliukaza vibaya. Labda kweli kazi hii siijui, na watu wamechelewa tu kuniambia."

Kimya alishika shuka mkononi.

"Tena wewe uliniambia," fundi alisema polepole. "Taa. Uliniambia, nikakufukuza. Nilikuwa nataka kukwambia samahani jioni ileile." Aliifuta meza kwa kiganja, mahali palipokuwa safi. "Samahani."

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Fundi aliinua macho.

"Wewe ulikuwa unaingia chumba kile kila siku. Hukuona chochote?"

Katika maisha yake yote Kimya hakukumbuka mtu mzima aliyewahi kumuuliza jambo na kusubiri jibu. Fundi alikuwa anasubiri, penseli mkononi, tayari kuandika atakachosikia. Kimya aliliweka shuka chini. Akainama juu ya mchoro, na kwa kidole akagusa ukutani, mahali ambapo hapakuchorwa kitu.

"Hapa pana kabati," alisema. "Hukulichora."

"La filamu. Eeh."

"Nililisogeza mimi, Jumatatu. Nikauweka mguu wake juu ya waya." Sauti yake ilitoka nzima, mpaka ikamshtua mwenyewe. "Na Ijumaa ile, saa moja, nilikuwa nimeshauona. Uliponikuta mle ndani nilikuwa najua. Ulikuwa bado una saa tatu, shemeji. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa umeniambia nikafagie."